Muguu Umesikia, Guylain Hakusikia

Goma, Majengo, Jumatatu tarehe 9 mwezi wa sita

Yaya Wenceslas Kambale, kaka yangu mukubwa,

Mimi mudogo wako Kahindo nakusalimia, wewe na mama watoto na wote wanaokula kwenye meza yako. Goti linasemaje? Mudogo wetu Eugénie aliniambia kwamba sasa unapanda ngazi za kanisa bila fimbo, nikamushukuru Mungu. Na Mama, presha yake? Anameza zile dawa za asubuhi, ao bado anazificha chini ya mutungi akidai amekwisha meza? Huku tuko. Prodige wangu na wadogo wake wanasoma, depo ya samaki inafunguliwa kila siku, na mimi mwili ni muzima. Habari za moyo utazipata mbele.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ninayo. Yaya, wewe kwa simu ukisikia mwanzo wa neno unatoa hukumu, kisha unakata. Karatasi haikatwi. Olivier, shofere wa Fuso, amekubali kukufikishia mukononi kabla ya Jumamosi tarehe 14, siku ambayo familia itakaa kutia muhuri yale muliyokwisha kupatana: kwamba mudogo wetu Guylain atolewe kwangu, apelekwe huko kwenu Butembo juu ya Fuso, awekwe katika chumba cha nyuma, na asipewe mutu wa kumuhudumia mpaka asimame mwenyewe. Mulisema njaa itamusimamisha. Naomba barua hii isomwe kwa sauti mbele ya wote, kabla mutu yeyote hajafungua kinywa.

Nianze na lawama zangu, maana nikizibeba mpaka mwisho zitanichomoka vibaya. Miezi kumi na moja Guylain yuko kwangu. Toka siku ile alipoanguka karibu na Rumangabo, toka juu ya Fuso iliyobeba magunia yangu ya samaki, hakuna hata mumoja wenu aliyelala hapa. Mulituma mashauri. Mashauri hayamugeuzi mutu kitandani. Namugeuza mimi, namuosha mimi, sonde, ule mupira wa kutoa mukojo, nabadilisha mimi. Yeye kilo sabini na mbili, mimi kilo hamsini na nane: pigeni hesabu wenyewe. Na nyinyi munanijua. Sikupita sizième, darasa la sita. Nilianza na beseni moja la samaki kumi na ine kule Vitshumbi, na kilichonifikisha kwenye depo ni vitu viwili: kuhesabu, na kutoamini mutu. Ukiniambia gunia lina samaki mia mbili, nalimwaga chini. Mara kumi, mara saba napata pungufu.

Basi na Guylain nilimuhesabu hivyo hivyo.

Kwa lopitali munganga alituonyesha picha, akasema moelle imekatika, kimo cha matiti. Moelle nani haijui? Ni uboho, yale mafuta ya ndani ya mufupa tunayofyonza kwenye supu mpaka mufupa unapiga filimbi. Nikajisemea: mafuta yakipungua yanaongezwa. Kila Jumamosi nikachemsha mifupa ya ngombe toka asubuhi, Guylain akanywa, akafanya mizaha kwamba siku moja ataniitika kama ndama. Jumamosi ya kumi na mbili nikamutazama vizuri. Mashavu yamejaa, mikono imenenepa, shati halifungi. Nikajiuliza: kama uboho umepata njia ya kufika kwenye mashavu, umekosaje njia ya mugongo? Hapo ndipo mashaka yalipoingia, na mashaka kwangu hayaingii kulala, yanaingia kufanya kazi.

Nikaanza kuona mambo. Mwezi wa kwanza baada ya kuanguka miguu ilikuwa imelegea kama kitambaa kilicholowa. Mwezi wa tatu ikaanza kuruka. Namufunika blanketi, namupa kisogo, paf! blanketi iko chini. Nikawa naweka alama za chaki nyuma ya mulango. Asubuhi moja nikafikisha tisa. Kipooza gani hiki kinachopiga teke? Nikamuuliza. Akasema si yeye. Nikamuambia kama si wewe basi ni jirani Louise. Akajibu kwamba Louise hajawahi kuwa na miguu mizuri kama hii. Kila mara muzaha, na mutu anayejibu kwa muzaha, mimi namutazama mifuko.

Kisha akaja na mengine: miguu inamuwaka moto. Yaya, huyu huyu aliyeniapia kwamba chini ya matiti hasikii kitu! Nikamuambia achague, hawezi kuuza gunia moja kwa wateja wawili; ao unasikia, ao husikii. Nikakumbuka alipokuwa na miaka kenda, majira ya kupanda maharagwe, alipojifunika shuka tatu na kujipaka maji ya moto kwenye paji la uso ili Mama aguse na kusema homa. Wewe na mimi tulilima sehemu yake. Mama alimupelekea uji kitandani.

Jumatano moja muchana nikamupima. Alikuwa ameketi kitandani anashona magunia yangu yaliyotoboka. Anashona ishirini na tano kwa siku, nayo sikuwahi kuwaambia, naona leo kwamba hesabu yangu ilikuwa inaruka mistari fulani. Alikuwa ananihadithia habari za kiboko wa Vitshumbi aliyeingia kwenye jikoni la mama mumoja na kukaa humo kama mukwe anayengoja chakula. Nikachukua sindano nyingine ya gunia, nikapita upande wa miguu kama mutu anayefagia, nikachoma unyayo. Muguu ukajikunja! Ulikimbia sindano kama vile una macho. Nikangoja kidogo, nikachoma tena. Nilichoma mara kumi, ukakimbia mara nane. Nane kwa kumi, kwa masomo hiyo ni distinction. Na muda wote huo Guylain hakupoteza neno hata moja la kiboko wake. Sauti haikutetemeka, jicho halikupepesa. Hapo ningepaswa kujiuliza. Mimi nilisema tu kwamba muongo huyu amekomaa.

Jioni nilikupigia. Ulifurahi kuliko nilivyotarajia, ukasema ulijua toka mwanzo. Lakini uliongeza kwamba sindano ni kitu kidogo, mutu wa kichwa kigumu anaweza kuivumilia, familia itataka ushahidi mukubwa. Wiki moja baadaye nikawaambia kwamba Guylain amejichoma kisigino kwa pasi ya makaa kusudi asisafirishwe, maana mulikuwa mumeanza kusema arudi Butembo. Hapo ndipo mulipokata shauri lenu.

Kulikuwa pia na huyu Joviale. Ni kiné, yaani kazi yake ni kunyoosha na kukunja viungo vya wagonjwa. Anakuja mara mbili kwa juma, bibi wa upande wa Bukavu, viatu vyeupe ambavyo sijui anavipitishaje kwenye makoro yetu, mawe haya meusi ya volkano, bila kuvichafua. Anakaa dakika arobaini na tano na kicheko hakikatiki. Nilimushuku kwa sababu rahisi: kadiri Guylain anavyokaa chini, ndivyo yeye anavyokuwa na kazi. Nikasema wawili hawa wamepatana. Nikasikiliza mulangoni. Walikuwa wanazungumza mupira.

Ijumaa iliyopita nikaamua kuwafungia wote wawili katika neti moja. Nikaingia na sindano, nikamuambia Joviale kwamba mimi si mutoto, biashara yao naijua, na atazame vizuri. Nikachoma. Muguu ukakimbia. Nikamugeukia kama polisi aliyeshika mwizi na mukungu wa ndizi begani.

Joviale hakushituka. Alisema tu kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa, na kwamba angeshangaa zaidi kama muguu ungebaki pale pale. Yaya, nilitaka kumupiga.

Aliniketisha. Aliniuliza uboho wa supu unatoka kwenye mufupa gani. Nikasema wa paja. Akasema ile ya Guylain ni moelle nyingine, Wafaransa wamezipa zote mbili jina moja na sisi tukalipeleka jikoni. Hii ni kamba nyeupe, unene wa kidole kidogo, inashuka toka kwenye ubongo, imefichwa ndani ya pingili za mugongo. Kwa Kiswahili ndiyo uti wa mugongo wenyewe, na ukikatika, supu hata ya ngombe kumi haiungi. Toka kwenye kamba hiyo inatoka mishipa, si ile ya damu, ni ile ya fahamu, jozi thelathini na moja, kushoto na kulia. Nikamukatiza: thelathini na moja, nani alihesabu? Akasema watu walihesabu, na yeye mwenyewe alihesabu alipokuwa anasoma, na hakuna mutu azaliwaye na gunia pungufu isipokuwa mara chache sana. Hapo nikaanza kumusikiliza.

Akasema mishipa mingine inapandisha habari: moto, baridi, sindano. Mingine inashusha amri: kunja, simama, kimbia. Ubongo unapokea na kuamuru. Lakini uti si bomba tu la kupitisha habari. Mambo ya haraka unayaamua wenyewe. Akanipa mufano wa barrière ya Bunagana, kizuizi cha pale mupakani: mbuzi akitaka kupita chini ya kamba, mulinzi anaishusha papo hapo, hangoji kupiga simu Kinshasa. Kinshasa itaambiwa baadaye, kama laini inapita. Nikamuambia aache siasa. Akasema si siasa, Mama Prodige, ni mugongo. Kwa Guylain laini ya Kinshasa imekatika, lakini barrière ingali na mulinzi wake. Sindano inapiga, uti unavuta muguu, na habari inapanda mpaka pale palipokatika, inafia hapo. Muguu umesikia, Guylain hakusikia. Hata wewe mwenye laini nzima, akasema, ukigusa sufuria ya moto, mukono unatoka kwanza, maumivu yanafuata. Jana nimejaribu. Ni kweli.

Nikamutolea alama zangu za chaki. Akasema uti wa mutu muzima unatulizwa kila saa na ubongo, kama watoto wanaokemewa na mama toka chumba cha pili; mama akinyamaza, watoto wanaruka. Na ule ulegevu wa mwezi wa kwanza? Uti wenyewe ulikuwa umezimia kwa kishindo, ulipoamka ukaanza fujo. Na moto anaosema unamuwaka? Nilidhani hapo nimemubana. Akaniuliza: simu ya Prodige isipopita siku nzima, unafikiri amelala? Nikasema hapana, nafikiri amekufa. Akasema hivyo ndivyo ubongo wa Guylain unavyofanya na miguu yake. Habari haziji, basi unajitungia mabaya, na maumivu yale ni ya kweli kabisa, ila hayatoki miguuni.

Mwisho akaniuliza swali la kazi yangu. Nikikata kichwa cha kambale, yule wa majini, Yaya, si wewe, mukia unafanya nini? Nikasema unapiga, hata dakika nyingi, mara nyingine unakumwagia maji usoni. Akauliza kwa upole: sasa yule kambale anakudanganya?

Miaka kumi na tisa nakata samaki.

Guylain alikuwa amesikiliza yote. Alikuwa anatazama muguu wake kama mugeni aliyeingia bila hodi. Aliniuliza nimemuchoma mara ngapi. Nikasema, na ya leo, kumi na moja. Akaniambia kwamba kama kweli angekuwa anasikia, nisingefika ya pili, maana kinywa chake nakijua. Joviale alicheka. Mimi niliangalia sindano.

Sasa Yaya, na nyinyi wote munaosikiliza, nifike kwenye pasi.

Guylain hakujichoma. Ni mimi. Uliponiambia nilete ushahidi mukubwa, nilitaka alie. Nilitaka sauti moja tu, aah moja, nikupigie simu uisikie mwenyewe. Ilikuwa saa nane muchana, pasi ilikuwa na makaa mekundu, na yeye alikuwa anashona magunia, amenipa ubavu. Nilishika muguu, nikaukandamiza kwa goti langu ili usikimbie, nikaweka pasi kwenye kisigino na kuhesabu. Muguu ulipigana na mimi. Niliusikia chini ya goti langu unapigana, kama samaki. Nilihesabu mpaka saba. Katikati ya hesabu Guylain akaacha kushona, akanusa, akaniuliza: Da Kahindo, hakuna kitu unachounguza kwenye mbabula ya makaa? Nikamujibu ni samaki. Akaendelea kushona.

Ni hapo nilipojua, Yaya. Si Ijumaa. Joviale alinieleza tu. Mutu anayeuliza hivyo hadanganyi, na mimi nilisikia kwamba hadanganyi, nikakataa kusikia. Nikaenda kukupigia simu na maneno yale ya kwamba amejichoma mwenyewe. Kwake nilisema nilikuta pasi imeanguka kitandani. Mpaka leo ananiomba musamaha mimi, kwamba aliacha pasi karibu na muguu akaniharibia shuka.

Mutauliza kwa nini. Siku ile ya Rumangabo Fuso ilipaswa kubeba magunia hamsini. Nilipakia sitini na mbili. Shofere alikataa, nikamubembeleza. Guylain alikataa kupanda juu, nikamuita mwoga mbele ya watu. Alipanda. Sasa mukihesabu na mimi mutaona: kama Guylain anadanganya, basi hakuna kilichovunjika, na magunia yangu kumi na mawili hayakumufanya kitu. Nilihitaji awe muongo. Nilimutafutia uongo kwa sindano, nilipoukosa nikautafuta kwa moto.

Kidonda kina upana wa vidole vine. Leo ni siku ya ishirini na sita na hakijafunga. Joviale anasema nyama isiyopeleka habari haimuiti mutu, inaoza kimya kimya. Ndiyo sababu anapaswa kugeuzwa kila saa mbili, mara kumi na mbili kwa siku, hata kama halalamiki, hasa kwa kuwa halalamiki. Siku mbili juu ya Fuso kwenye barabara ile, kisha chumba cha nyuma bila mutu wa kumugeuza: njaa haitamusimamisha. Mutamuzika kabla ya maharagwe kukomaa, na mutakuwa mumemuzika kwa maneno yangu.

Kwa hiyo nayaondoa maneno yangu, yote, mbele ya watu, kama yalivyosemwa mbele ya watu. Shauri lile livunjwe. Guylain habebwi. Mukitaka kuhukumu, yuko wa kuhukumiwa, anaitwa Kahindo, nyumba yake munaijua. Na kama katika kikao hicho kuna mutu mwenye mikono miwili na mwezi mumoja wa nafasi, aje. Rosine wa shangazi, kama mume wake anakubali. Sitaki mashauri tena. Nataka mutu wa zamu ya saa kumi ya usiku.

Nitamusomea Guylain barua hii kabla ya kuifunga. Naogopa kuliko nilivyoogopa kuiandika. Ukikuta jina lake chini ya langu, ujue amesikia kila neno. Usipolikuta, isome hivyo hivyo.

Musalimie mama watoto, musalimie Eugénie, umuambie Mama kwamba namushika magoti. Watoto wako wote nawakumbatia kila mumoja kwa jina lake. Mungu akulinde njia ya kwenda kikaoni na ya kurudi.

Mudogo wako,
Kahindo

Nimesomewa yote. Mukifika pa pasi, Mama atoke inje kwanza.
Guylain